Siwajui Mpaka Tata Aende Chooni

Hasira yangu na baba mkubwa haijaisha, na sina haraka ya kuimaliza.

Mimi ni fundi cherehani, mtaa wa Bakoba, mjini Bukoba. Baba yangu, ambaye sisi wanawe tunamwita Tata, analima kahawa na migomba kijijini kwetu, Muleba. Saratani ilipoingia kwenye kibofu chake, madaktari walikitoa chote, wakachukua kipande cha utumbo wake mwenyewe na kumshonea kibofu kingine. Mimi ndiye niliyemuuguza, na kwa kuwa kushona ndiyo kazi yangu, nilimuuliza daktari maswali mpaka akacheka. Akanieleza kwamba ile mirija inayotoka kwenye figo ameipachika kwa namna ya kuufanya mkojo ushuke, usirudi juu.

"Lakini mshono haushindani na ubishi," akasema. "Kibofu hiki hakitamwambia kwamba kimejaa. Akikiacha kifurike, mkojo utapanda kwenye figo, na figo zitakufa."

Kwa hiyo Tata alitakiwa kwenda chooni kwa kufuata saa, ahisi asihisi. Achuchumae, abonyeze tumbo, asubiri mpaka mkojo uishe wote. Nikamtegea kengele kwenye simu yake.

Baba mkubwa, yaani kaka yake Tata, alipopata habari hizo alicheka huku ameshika mbavu. "Mwanaume mzima unachuchumaa kama mama yetu!" Jamani! Mtu ametoka mdomoni mwa kifo, wewe unacheka anavyokojoa! Tangu siku hiyo Tata akaanza kuona haya. Kwenye msiba mmoja wa jirani alikaa na wanaume kutwa nzima amebana. Homa ikampanda, mgongo ukamuuma, tukamlaza hospitali. Vipimo vikaonyesha kwamba figo moja haifanyi kazi tena. Imebaki moja. Moja tu!

Sasa ikaja siku ya wakwe. Upande wa mwenzangu, yaani mchumba wangu, walikuja nyumbani kwetu na rubisi yao, pombe ya ndizi, na mshenga wao anayependa kusikia sauti yake mwenyewe. Sisi wanawake tulikuwa chumba cha ndani. Kengele ya Tata ikalia. Nikamsikia baba mkubwa, msemaji wetu, akikemea: "Zima hiyo kitu, wageni wanaongea." Ikazimwa.

Mshenga akaendelea. Akataja ukoo, akataja babu, akataja ng'ombe wa babu. Kahawa ya kutafuna ikapitishwa, ikapitishwa tena. Nikamtuma shangazi akamnong'oneze Tata atoke kidogo. Akarudi mikono mitupu: "Amesema mwenye nyumba hawaachi wakwe wamekaa." Heshima! Nilitamani kuchukua mkasi wangu niikate hiyo heshima vipande vipande.

Hatimaye nikaitwa sebuleni kujibu swali ambalo kila binti wa kwetu huulizwa. Nikapiga magoti. Nikamwona Tata: jasho kwenye paji la uso, mkono mmoja umekamata tumbo chini ya koti, macho kwenye mkeka.

Baba mkubwa akajikohoza. "Binti yetu, wageni hawa unawajua? Tuipokee pombe yao?"

"Siwajui," nikasema.

Mshenga akaacha kutafuna. Mwenzangu akanitazama, maskini, rangi imemtoka.

"Unasemaje wewe?" baba mkubwa akauliza.

"Siwajui mpaka Tata aende chooni."

"Una wazimu!" baba mkubwa akafoka. "Mbele ya wakwe?"

"Mbele ya wakwe, ndiyo! Tata ana figo moja. Moja! Daktari amemshona ili mkojo usirudi, nyinyi mnaurudisha kwa hotuba! Mkimuua leo, hii pombe atamwagiwa nani, kaburi? Tata, waitu, nakuomba, inuka. Sijibu kitu mpaka uinuke."

Sijawahi kumpandishia sauti mtu mzima, na hapo nilikuwa nimewapandishia wote kwa mpigo. Tata aliinuka polepole, bila kunitazama, akatoka. Tukamsubiri. Alikawia sana, kama anavyotakiwa kukawia. Aliporudi akaketi, akamwambia kaka yake, "Muulize sasa."

Nikasema nawajua. Pombe ikanywewa.

Baba mkubwa hanisalimii mpaka leo, na asinisalimie. Kilichoniuma ni Tata. Alisema nimemwaibisha nyumbani kwake, na nilipopiga simu kutoka Bukoba hakupokea. Nikashona nguo za watu huku nalia, nikijiambia kwamba baba aliyenuna ni afadhali kuliko baba aliyezikwa.

Kisha asubuhi moja simu ikaita juu ya cherehani. Tata. Hakuna habari za huko, hakuna salamu.

"Nimetoka chooni sasa hivi. Umeridhika?"

Akakata. Mchana akapiga tena, kwa hasira ile ile, na jioni pia. Mpaka leo ananipigia hivyo hivyo, na mimi sishoni mshono wa pili mpaka nimepokea.