Sketi Iliyochovywa Shabu

Ukipita soko la Belleville asubuhi utamkuta Zélie Cormier, mwanamke mwembamba mwenye shingo ndefu, anakaanga viazi huku akigombana na wateja. Vijana humchokoza: "Mama Viazi, eti ulikuwa mcheza dansi kwenye jumba la mabwana? Hebu tuchezee kidogo!" Naye huwajibu, "Kula kiazi chako, ufunge mdomo." Watu wanadhani anaringa. Mimi nilikuwa mvishaji wa wachezaji kwenye jumba hilo la dansi miaka ile ya taa za gesi, kabla Waprusi hawajauzingira mji wetu. Nilimfunga Zélie vifungo vya mgongoni tangu utotoni mwake, na najua kwa nini hachezi hata harusini.

Baba yake alikufa mapema. Mama yake, Bi Cormier, alikuwa mlinda mlango wa nyumba ya kupangisha, na alimleta kwetu akiwa bado mtoto, mmoja wa wale wanafunzi wa dansi tuliowaita panya kwa kuwa walitafuna kila walichookota. Zélie alifundishwa kwa fimbo na kwa njaa. Vidole vyake vya miguu vilivuja damu ndani ya viatu vya hariri, akashukuru vilikuwa vya rangi ya waridi, damu isionekane sana. Mama mtu alikaa kila siku kwenye benchi la ukutani akifuma soksi. Sikumwona hata mara moja akitazama miguu ya mwanawe. Alikuwa akitazama mlango.

Maana mlango huo ndio walioingilia mabwana. Aliyekata tiketi ya mwaka mzima alikuwa na haki ya kuja nyuma ya jukwaa, kwenye chumba cha vioo, kuzungumza na wachezaji. Kuzungumza! Wazee wenye mafuta ya nywele na meno yaliyooza, sigara mdomoni, wakiwazunguka wasichana kama wanunuzi kwenye mnada wa mbuzi, na mama wazazi wamejipanga ukutani wakitabasamu. Jasho, gesi, moshi na manukato ya bei, vyote katika pua moja. Hata leo nikikumbuka harufu ile natema mate, na wala sioni haya kusema.

Basi wakubwa wa jumba wakatoa amri: sketi zote za melimeli zichovywe kwenye maji ya shabu, yale mawe meupe ya kusafishia maji, ili zisishike moto. Taa za gesi zilikuwa wazi pembeni mwa jukwaa, na melimeli ni kama karatasi. Amri nzuri. Lakini shabu iliifanya sketi kuwa ya manjano kama meno ya mvuta kiko, tena ngumu, haipepei. Wasichana walikataa katakata, na wakubwa wakafumba macho kwa sababu mabwana nao walinung'unika. Zile zilizochovywa zikaning'inia kabatini kwangu zikila vumbi.

Zélie alikuwa na miaka ishirini na mbili, mstari wa mbele, siku cheche ilipomla pindo. Aliizima kwa viganja. Kesho yake akanijia.

"Dada Honorine, nipe ile ya njano."

"Mama yako anajua?"

"Mama haungui mimi nikiungua."

Bi Cormier alipomwona amevaa hivyo alitupa ufumaji wake chini. "We mtoto una wazimu? Bwana Valcreuse amekuulizia wiki nzima, wewe unamtokea na gunia!"

"Gunia halishiki moto, mama."

"Na halishiki bwana vilevile! Nimekulea kwa mgongo wangu huu, leo unataka tufe maskini kwa ajili ya cheche?"

Zélie hakuivua. Akarudishwa mstari wa nyuma kabisa, eti anaharibu weupe wa safu. Nafasi yake akapewa rafiki yake Octavie Brunel, msichana mcheshi aliyecheka hata akikemewa. "Njoo tucheze, bibi siagi!" Octavie alimtania jioni ile, akizungusha sketi yake nyeupe.

"Cheka tu," Zélie akamwambia, "ila usiisogelee taa."

Octavie aliisogelea. Alikuwa akisubiri zamu yake, akainama kufunga utepe wa kiatu, na sketi ikaruka nyuma. Hakuna aliyeona ilivyoanza, tuliona tu mwanga. Alikimbia, na kukimbia ndiko kulikomponza. Askari wa zimamoto alimkamata kwa blanketi bichi, nami nikalishika upande wa pili, lakini tulichofunika hakikuwa tena cha kuokolewa. Alikata roho kwenye meza yangu ya kupigia pasi. Pazia likashushwa. Jukwaa likafagiliwa. Kisha pazia likapandishwa, wenzake wakacheza hadi mwisho huku wanalia, na watu wakapiga makofi. Laana iwapate.

Baadaye mabwana wakaja kwenye chumba cha vioo kama kawaida yao. Bwana Valcreuse aliingia na leso puani.

"Jamani, harufu gani hii! Hamwezi kufungua dirisha?" Akatazama huku na huku. "Maskini yule binti. Sasa Ijumaa atacheza nani mahali pake?"

Nilidhani hakuna mama atakayeinuka pale ukutani. Bi Cormier alikuwa wa kwanza kuinuka. Akamshika Zélie mkono, akamsukuma mbele.

"Huyu hapa, bwana mkubwa. Mahali palikuwa pake tangu zamani. Na atavaa nyeupe, naapa."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Bwana Valcreuse aliinua pindo la ile sketi ya njano kwa ncha ya fimbo yake, akakunja uso. "Basi mvueni hili tambara kwanza."

Zélie alifungua mdomo kana kwamba anataka kumjibu. Akamtapikia. Yote yalimwagikia kiatu cheusi cha bwana kilichong'arishwa, na wenzake wakaruka nyuma kama kuku.

"Mbwa we!" bwana akafoka.

Bi Cormier alikwisha piga magoti. Alivua shali yake begani akaanza kufuta. "Samahani, bwana mkubwa. Ni mtoto huyu, hajui. Ijumaa utamwona. Samahani sana."

"Mama, simama," Zélie akasema.

Mama hakusimama.

"Mama. Nakuomba. Inuka twende nyumbani."

"Kanawe uso," mama akajibu bila kugeuka, "urudi hapa ucheke."

 Zélie akatoka kama alivyokuwa, na sketi yake ya njano na viatu vya hariri, akashika njia kwenye theluji, na hakurudi tena. Bi Cormier alisikia mlango, najua alisikia. Alimaliza kufuta kiatu kilichochafuka, akahamia cha pili, ambacho kilikuwa safi.