Watu wa Maji na Sahani Iliyofunikwa

Asubuhi ile nilitoka bila kujua ninakwenda wapi. Nilikuwa na begi la mgongoni, kipande cha sabuni, shati la pili na simu. Kwenye kona jirani yangu, motari, alisimamisha pikipiki yake.

"Papa, wapi leo?"

"Mbele."

"Mbele njo bandari ao njo gare ya treni?"

"Wewe unaona wapi kuko mbele zaidi?"

Akacheka, akanipeleka bandarini, kwa sababu huko ndiko alikokuwa na mzigo wa kuchukua. Ndivyo safari zangu nyingi zilivyoanza. Shule niliiacha mapema, kabla haijaniacha yenyewe. Tangu hapo nimebeba magunia Kabalo, nimeosha mchanga wa madini Manono, nimeuza betri za redio Nyunzu, na kila mahali nimeondoka siku ambayo watu walianza kunizoea. Kinachonihamisha mara nyingi ni swali. Likinikaa kichwani, miguu haitulii. Na asubuhi hiyo nilikuwa na swali zito kuliko begi langu.

Lilihusu watu wa maji.

Kila mtu wa Kalemie anakumbuka ziwa lilivyopanda. Maji yaliingia barabarani, yakaingia kwenye maghala, yakakaa ndani ya nyumba za watu kama mpangaji asiyefukuzika. Siku moja nilisimama mbele ya nyumba ambayo nilikuwa nimewahi kuishi, nikaona samaki wadogo wakitoka mlangoni, wametulia, kama watu wanaokwenda misa. Nikajiuliza: kama maji yamehamia kwetu, wenye maji wamebaki wapi? Si nao wamehama?

Hapo nikaanza kuwatengeneza. Niliwapa sura zetu, maana mwenye mapezi hawezi kupata chumba cha kupanga. Niliwaachia alama moja tu: nyayo zao hazikauki. Mtu wa maji akikanyaga sementi saa ya jua kali, unyevu unabaki pale mpaka jioni, kwa hiyo kiangazi wanavaa viatu vya mpira na watu wanadhani ni masikini. Chumvi hawali. Atakayeonja chumvi ya nchi kavu, ziwa halimtambui tena, na hawezi kurudi kwao. Daraja la mto Lukuga hawalivuki bila kuligusa kwa mkono, kwa sababu Lukuga ndiyo mlango ambao ziwa linatokea, na kwao mlango unasalimiwa.

Kisha nikawatafutia kazi. Mmoja nilimfanya fundi wa simu zilizoanguka majini. Mafundi wengine wanazifukia ndani ya mchele, yeye anazibembeleza kwa maneno, na zinawaka. Mwanamke mmoja nilimweka sokoni kwenye meza ya ndagala. Anauza vizuri sana, lakini hawatazami samaki wake machoni. Watoto wao nao wanasoma, wanatafutiwa minerval ya shule kama watoto wote, na mwalimu hajui kwa nini daftari zao zina ukungu.

Hadithi hizi nilizisimulia pale motari wanapongojea abiria. Walizipenda mpaka wakaanza kuzibishania nisipokuwepo. Mmoja alikataa kumbeba mteja mwenye viatu vya mpira. Ndipo siku moja mama mmoja mtangazaji wa redio ya mjini, aliyekuja kutafuta pikipiki, akasimama kusikiliza, akasahau kuondoka. Kesho yake aliniita kwenye biro yake pale redioni.

"Dimanche mchana, watu wakitoka misa, nina nafasi ya masimulizi," akasema. "Nataka kukupa. Lakini hadithi yako ina tundu."

"Tundu gani, Mama?"

"Hii njo Kalemie. Muntu akihamia avenue yetu asubuhi, mchana tunajua kabila yake, kanisa yake, na ndoa yake ya kwanza ilivunjika kwa nini. Watu wako wa maji wanaishi katikati yetu miaka, na hakuna hata mmoja anaulizwa 'unatoka wapi'? Nani atakubali?"

Nikamjibu haraka kwamba wana dawa ya kuwasahaulisha watu.

Alicheka mpaka akavua miwani. "Ah, wee mutembezi! Kila ukikwama, dawa. Sasa dawa hiyo ikiwa inafanya yote, hao watu wanaogopa nini? Wanavaa viatu vya mpira vya nini?" Akarudisha miwani. "Niletee jibu kabla ya dimanche. Usipoleta, nafasi nampa yule mwimbaji wa kwaya anayenisumbua kila siku."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniuma. Nilikitaka kipindi kile kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kupita. Nilitaka, hata mara moja, sauti yangu ikae ndani ya nyumba za watu wakati wanakula, na wasitamani kuizima. Niliwaza siku nzima. Niliwafanya wasioonekana, nikaona nimewaua: asiyeonekana hana jirani. Niliwahamishia msituni, nikaona si hadithi yangu tena. Asubuhi nikachukua begi.

Bandarini boti ya mbao ilikuwa inapakia kwenda kusini: magodoro, makreti, mifuko ya sementi. Kapiteni akapiga kelele kwamba kuna nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Mimi ni mwembamba. Nikapanda.

Juu ya ile mifuko ya sementi nilihojiwa kuliko mtu aliyekamatwa. Mama mmoja wa Moba, mwenye kitenge cha kijani, aliyenigawia karanga kabla hatujaondoka, ndiye aliyeongoza.

"Unaenda kwa nani?"

"Sijui, Mama."

"Hujui! Bibi yako anajua kama hujui?"

"Sina bibi."

"Kumbe! Na kwa nini hujaoa? Angalia muntu muzima kama huyu." Akawageukia wengine, nao wakaniangalia. "Unakunywa? Unasali wapi? Mama yako ni mtu wa wapi?"

Nilijibu yote, na kila jibu lilinizamisha zaidi. Mtangazaji alikuwa amesema kweli. Hakuna mtu wa maji ambaye angeweza kumaliza safari moja na mama huyu bila kujulikana. Baadaye upepo ukaamka, boti ikaanza kupanda na kushuka, na nikatapika kila nilichokuwa nacho, mama wa Moba akinishika shati kwa nyuma nisianguke na bado akiuliza kama wa kwetu wote wana tumbo dhaifu.

Alasiri tukafika Zongwe. Kapiteni akasema mota imechoka na wa Moba wataendelea kesho. Akanionyesha kwa kidole nyumba yenye mlango wa bluu, juu kidogo ya mahali wanapoanika nyavu. "Nenda kwa Mama yule. Anapokea wageni. Una rangi ya majani, ndugu yangu."

Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo. Alinipa kiti, akanimwagia maji mikononi, na kabla sijaomba kitu akaweka mbele yangu ugali wa bukari, majani ya sombe na samaki wawili wa kukaanga, mikebuka. Harufu ya mafuta ikanipiga tumboni.

"Mama, unisamehe. Siwezi. Labda baadaye."

Hakukasirika. Aliifunika sahani ya chakula kwa sahani nyingine, akaisogeza karibu na mguu wangu, akakaa. Nikajiandaa. Nilikuwa na majibu tayari: Kalemie, sina bibi, mama yangu ni wa Nyunzu.

Hakuuliza.

Akasema mvua mwaka huu imechelewa. Akasema mbuzi wa jirani amekula sabuni na hakufa. Mume wake akaja kutoka ziwani, akanisalimia, akaitazama sahani iliyofunikwa, akakaa. Akaja jirani, labda yule mwenye mbuzi. Naye akasalimia, akaitazama sahani, akasema mvua imechelewa. Wakaja wanawake wawili waliojifanya wanaomba moto wa makaa. Wote waliniangalia miguu, begi, viatu, kisha macho yao yakashuka kwenye sahani, na wakafunga midomo kama watu wenye jino linalouma. Nyumba ilijaa watu waliokuwa wanakufa kwa hamu, na hakuna aliyeniuliza hata jina.

Mwisho nikashindwa mimi. "Mama, kwa nini hamniulizi ninatoka wapi?"

"Si hujakula!" Akasema hivyo kama vile nimeuliza kwa nini ziwa lina maji. "Kwetu mugeni haulizwi mbele ya kula. Ni aibu. Utamuuliza muntu habari zake na hata mukono wake haujaingia katika sahani yako? Unataka nini kwake, wewe ni polisi?"

"Na asipokula?"

"Atakula kesho."

"Na kesho asipokula?"

Mume akacheka. "Mwambie habari ya yule wa mama yangu."

Mama akajifuta mikono kwenye kitenge. "Mama mukwe wangu alipokea mwanaume mumoja hapa, mimi nikiwa bibi arusi mupya. Mupole, mukimya, fundi wa nyavu. Kila jioni tunaweka chakula, anasema, 'Aksanti Mama, leo tumbo, nitakula kesho.' Alikuwa anachoma samaki zake mwenyewe kule kwenye mawe. Alikaa mupaka nyavu za kijiji chote zikapona. Halafu akaenda."

"Na alikuwa nani?"

"Tutajua wapi? Hakula!"

Watu wote wakacheka, na mimi nikasimama. Nilisimama vibaya nusura nipindue sahani. Watu wa maji hawali chumvi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewanyima chumvi, zamani, kwa kupenda tu, bila kujua itanifaa wapi. Asiyekula chumvi yako hali chakula chako, na asiyekula chakula chako huwezi kumuuliza. Hakuna dawa, hakuna kusahaulishwa. Adabu yetu ndiyo iliyowaficha. Wanajibu "nitakula kesho" kwa sauti ya upole, na sisi tunameza maswali yetu tukifunika sahani. Na wanaogopa kitu kimoja: siku ambayo mmoja wao, kwa mapenzi au kwa njaa, atakula.

"Huyo mwanaume," nikasema, "alivaa viatu gani? Mahali alipokanyaga palikuwa..."

Mama akaninyoshea kidole. "Ah-ah! Wewe pia hujakula. Mugeni ambaye hajakula haulizi watu habari za nyumba yao. Kwanza umekwisha kuiba habari moja."

"Mama..."

"Sahani njo ile."

Nikakaa, nikaifunua. Bukari ilikuwa imepoa, mikebuka wamelegea, na sijawahi kula chakula kitamu kama kile. Nilikula kama mtu anayekata utepe wa daraja jipya. Nilipoweka tonge la kwanza mdomoni, jirani wa mbuzi hakungoja hata nimeze.

"Unatoka wapi?"

"Umeoa?"

"Begi lina nini?"

"Nyinyi mumuache ateremushe kwanza!" akafoka Mama, kisha yeye mwenyewe: "Ni kweli, umeoa?"

Niliwajibu huku natafuna. Niliwaambia natoka Kalemie na nimekuja kuwatafutia watu wa maji njia ya kuishi kati yetu. Hawakunicheka. Mume wa Mama alifikiri kidogo, akasema basi yule fundi lazima alipata tabu sana, kwa sababu sombe ya marehemu mama yake ilikuwa inaita mtu kutoka mbali. Na mimi nikaona, papo hapo, sura ya kwanza ya kipindi changu: mwanaume mbele ya sahani iliyofunikwa, harufu inampita puani, na ziwa linamngoja nje.

Kuhusu viatu vya mpira, Mama alisema hakumbuki. Nilifurahi kwamba hakumbuki.

Mtandao wa simu ulipatikana juu ya mawe, pale pale yule fundi alipokuwa akichoma samaki zake. Jua lilikuwa bado juu ya milima. Nilimpigia mtangazaji, nikamweleza bila kupumua.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Mama yangu alikuwa hivyo," akasema polepole. "Na mimi bado niko hivyo, ukiniangalia vizuri. Ile yote tunauliza mbio mbio katika avenue, tunawauliza waliokunywa hata chai yetu. Kuko baba mumoja nyuma ya nyumba yangu, kila siku anakataa..." Nilimsikia akifungua dirisha. Kisha akarudi na sauti yake ya redioni. "Dimanche, saa saba. Usichelewe. Mwimbaji wa kwaya nitamwambia mimi mwenyewe. Na usiwaongezee mabawa!"

"Hawana mabawa, Mama."

"Nakujua."

Nilipiga kelele peke yangu juu ya mawe, kelele ndefu, mpaka wavuvi waliokuwa wanaandaa taa zao wakageuka, na mmoja akanipigia kelele vile vile, bila kujua tunashangilia nini. Boti ya kurudi ingekuwepo kesho kutwa, kapiteni alinihakikishia. Nilishuka.

Mama alikuwa amekwisha kufagia chumba cha nyuma na kutandika mkeka na blanketi. Dirisha dogo lilitazama ziwa.

"Njo hapa yule fundi alilala," akasema. "Huogopi?"

"Mimi nimekula, Mama."

Alicheka mpaka nyumba yote ikacheka naye, akaniachia taa, akaenda. Niliinama nikagusa sakafu kwa kiganja, kona hadi kona. Ilikuwa kavu. Kwenye kizingiti tu udongo ulikuwa na ubaridi, lakini huo ni ubaridi wa nyumba zote za karibu na maji. Nikavua viatu, nikaweka begi ukutani, nikaenda kwenye mkeka kwa miguu mitupu kama mwenye nyumba.