Mimi ndiye yule "mwogeleaji aliyejifundisha mwenyewe" wa Benaco, na habari ile ni uongo

Wakuu, salaam kwenu. Ninayoandika hapa sijaongeza chumvi, na mengi yananiaibisha mwenyewe.

Wiki hii kuna jamaa kaanzisha uzi wa vipaji vya kuzaliwa. Humo kamweka kijana wa Ngara aliyejifundisha butterfly bwawani bila kocha, mpaka akafika timu ya taifa.

Huyo ni mimi. Na huo ni upuuzi mtupu.

Hivi butterfly mnaijua nyie? Mtindo wa kipepeo, mikono yote miwili inatoka majini kwa pamoja na miguu inapiga kama mkia wa samaki. Hakuna binadamu anayejifundisha ule. Ukijaribu unazama.

Miaka ya wakimbizi baba alihamishia duka letu Benaco, kwenye kambi yao kule Ngara, kwa sababu wateja walikuwa huko. Sisi asili yetu pwani, basi tulijiona kweli kweli. Kiswahili cha wenzetu kwetu kilikuwa kichekesho.

Silveri alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mtu mzima wa miaka arobaini hivi, anabeba magunia dukani kwetu. Kwao alikuwa bingwa wa butterfly na medley, ile mbio ya mitindo yote minne. Siku moja aliniona nikitapatapa kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe. Jioni akaja kwa mama.

"Mama, naomba nimfundishe kijana wako kuoga."

Mama alivimba. "Mwanangu anaoga asubuhi na jioni. Wewe umeoga lini?"

Kumbe kwa lugha yao kuoga na kuogelea ni neno moja. Sisi wenye Kiswahili chetu hatukulijua hilo, tukamcheka mwezi mzima. Baba ndiye aliyeruhusu, tena ili apate kupumzika na kelele zangu.

Miaka miwili, kila asubuhi kabla ya shule. Mikono ya butterfly nilijifunzia stoo, nimelala kifudifudi juu ya gunia la maharage. Majini alinishika tumbo mpaka nikaweza. Kipaji cha kuzaliwa, eti!

Likaja tangazo la mchujo wa timu ya taifa, Dar. Nilikuwa na miaka kumi na saba.

Sasa sikilizeni hapa. Wakati huo mkimbizi alikuwa haruhusiwi kwenda mbali na kambi bila kibali. Shule moja ya Mwanza yenye bwawa ilishakubali kumchukua Silveri afundishe, ila wakubwa wa kambi walitaka karatasi ya kuonyesha kwamba kweli ni kocha.

Akaniambia, "Kwenye fomu yako kuna mahali pa kocha. Waandike jina langu, uniletee nakala. Nitatoka humu." Akanipa na barua ya utambulisho.

Dar nikakuta watoto wa matajiri na miwani yao ya majini. Mimi nina bukta ya kuchezea mpira. Karani, mzee mmoja wa kitambi, akaifungua barua akaisoma kwa sauti:

"Nimemfundisha kuoga miaka miwili. Anaoga kipepeo vizuri sana."

Bwawa zima likacheka. Karani akafuta machozi. "Kijana, huyu aliyekuogesha ni nani?"

Wakuu, jibu lilikuwa neno moja tu: Silveri. Nikasema, "Simjui. Nimejifunza mwenyewe."

Akaandika: Kocha, hana.

Butterfly nikashinda. Medley nikawa wa pili, breaststroke, ule mtindo wa chura, ndiyo iliniangusha. Waandishi wakaja wakaandika uzushi wao wa kipaji cha bwawa la ng'ombe, nami nikatabasamu kwenye picha kama zuzu.

Niliporudi Benaco, Silveri alikuwa ananisubiri dukani. Ameshanyoa, amevaa shati la pasi.

"Karatasi?"

"Wamesahau kuandika," nikamwambia.

Akachukua gazeti pale kaunta, lile lile lenye picha yangu na habari ya kujifundisha mwenyewe, baba alishalitoa kwenye mzigo wa Mwanza. Akalikunja vizuri akanirudishia.

"Kesho njoo mapema," akasema. "Breaststroke yako ni mbaya."

Akaendelea kunifundisha miezi minane. Hakunisema hata siku moja, na mimi sikuomba msamaha hata siku moja. Kisha nikahamia Dar kwenye kambi ya timu. Kambi ya wakimbizi ilipofungwa, Silveri na wenzake walirudishwa kwao kwa malori. Baba alinipigia simu kunieleza, nikasema nina mazoezi.

Niliogelea timu ya taifa miaka sita. Nje ya nchi sikuwahi kuvuka raundi ya kwanza. Bingwa wa taifa, mara mbili nikawa wa mwisho kabisa, na bado nikirudi naitwa jasiri aliyejitengeneza mwenyewe.

Funzo langu ni fupi. Mtu akikwambia kajitengeneza mwenyewe, ujue kuna mwenzake alimkana mahali. Msinitetee kwamba nilikuwa mdogo. Kusema uongo nilikuwa nimeshakua.

Mwenye kumjua Silveri aliyekuwa Benaco, aandike hapa chini. Wenye matusi nao karibuni, ila mwenye uzi wa vipaji anitoe kwanza kwenye ile orodha, nafasi yangu amwandike Silveri.