Moshi wa Mama

Jamani, leo mama yangu mzazi kanifanyia kitu, sijui nicheke au nilie.

Haya mafua makali yamepanda na malori kutoka Nyololo, na bwana afya amekataza watu kuvuka bonde. Kila asubuhi anasimama kilimani kwetu kutazama vijiji. Nyumba isiyofuka moshi, anajua wamelala wagonjwa. Huko ndiko anakokwenda.

Mimi nami hupanda. Natafuta moshi mmoja tu, wa mama, kule ng'ambo.

Leo haukuwepo.

Nilishuka mbio, nikavuka mto, nikafika nahema.

"Kamwene, mama!" nikamsalimu.

Yuko mlangoni, mzima kabisa, anapukuchua mahindi! Jikoni majivu ya baridi.

"Mama, mbona hujawasha moto?"

"Nimeuzima. Nilijua usipouona moshi utakuja."

Nilitaka kugomba, weee! Akanishika mikono, hakuiachia.

Bwana afya naye akatokea, kanuna: umevuka, basi hurudi mpaka mafua yapite.

Sasa jioni. Mama anapika huku anaimba. Mimi natazama ng'ambo.

Nyumba yangu haifuki moshi, na mume wangu yumo.

Nyie mwaonaje: ni mafua, au naye ananiita?