Maji ya Kulowesha Vumbi

Mume wangu aliuawa na ufagio. Nikisema hivyo wajukuu hucheka, wanadhani bibi yao kaanza kuchanganyikiwa.

Enzi hizo za Mjerumani, kwetu kisiwani Jibondo maji ya kunywa yaliletwa kwa mashua, na mwanamke aliyemwaga hata kata moja alisemwa mpaka akome. Kila mwaka wanaume walivuka kwenda Kua, mji wa kale uliobaki magofu, kufagia makaburi ya wazee na kuwasomea Yasini. Magofu yale yamejaa popo, na mavi yao yalikuwa yamekauka yakawa unga. Kwingine watu hunyunyiza maji ndipo wafagie. Sisi tulifagia pakavu, vumbi tukalimeza.

Mwaka ule mume wangu ndiye aliyeingia kwenye chumba cha ndani kabisa chenye kaburi. Alirudi mweusi kama mchoma makaa, anacheka. Haukupita muda ikaja homa, kikohozi, kisha vidonda vya ulimi, hata uji akaukataa. Akakonda hata nikawa namwinua peke yangu. Daktari wa Kijerumani aliyepita na meli alimgonga kifua, akatuachia vidonge vichungu visivyosaidia kitu. Mganga akasema wazee wamekasirika, kaburi halikufagiwa vizuri. Mgonjwa arudie mwenyewe.

Nilimwendea baba mkwe.

"Shikamoo, baba. Huku kuumwa kulianza alipotoka kule. Kama hapana budi aende, basi apewe mtungi wa maji, aloweshe lile vumbi kwanza."

"Marahaba. Maji ya watoto tukayanyweshe mavi ya popo? Mwanamke, una akili wewe?"

Nikarudi kwa mgonjwa wangu na hasira. Hasira ile ninayo hadi leo. Wanaume walimvusha hadi Kua, wakamshika mikono huku na huku, akafagia, anakohoa. Hakusimama tena.

Sasa tumepata Uhuru, na juzi mjukuu wangu anayefanya kazi hospitali alinieleza kwamba kwenye mavi ya popo huota ukungu. Ukiuvuta kwa pumzi huingia mapafuni, ukasambaa mwili mzima. Siku hizi dawa ipo, ingawa si wote wanaopona; na kinga ni kutofagia pakavu. Nilimwitikia tu. Maneno hayo yanifae nini sasa?

Mimi nakumbuka siku ya kumwosha. Baba mkwe mwenyewe aliagiza mitungi yote ya nyumbani iletwe. Maji yalimiminwa juu ya mume wangu, yakapita chini ya kitanda, yakalowesha sakafu yote ya udongo, na hakuna aliyesema yasimwagwe.