Mashine Iliyojaribiwa Kama Globu

Nilimsikia mnunuzi wa vyuma kabla sijafumbua macho. Kipaza sauti chake kilipanda kutoka barabarani, kikapenya neti, kikirudia maneno yaleyale: vyuma chakavu, betri mbovu, feni mbovu, kompyuta mbovu.

"Umesikia?" mama mdogo aliuliza kutoka sebuleni. "Amesema kompyuta."

"Shikamoo, mamdogo."

"Marahaba. Nimemwambia apande adhuhuri. Kama hilo dude lako halijashika mtandao, linaenda kwenye mzani."

Mama mdogo ni fundi cherehani. Nilipohamia kwake Kariakoo kuandika riwaya yangu ya kwanza, nilikuja na laptopu kuukuu, nikaiweka juu ya meza yake ya kukatia vitambaa. Alinivumilia kwa ahadi moja: kwamba ataitumia kutazama video za ushonaji, maana kwenye simu macho yake hayaoni sindano inavyogeuka kwenye kola. Ahadi hiyo ilikuwa imeota mvi.

Mifumo endeshi inayotumiwa na kila mtu iliilemea laptopu ile. Iliwaka kama mtu anayepanda ngazi na gunia la mchele. Nikaiwekea mfumo mdogo, unaotengenezwa kwa kujitolea na watu wachache waliotawanyika duniani. Ikawa nyepesi kama kanga iliyoanikwa. Ila mfumo huo haukuitambua kadi ya mtandao iliyomo ndani. Ilihitajika draiva, programu ndogo ya kuufundisha mfumo kuongea na kadi. Draiva ilikuwa mtandaoni, na mtandao ndio sikuwa nao. Nikaipakua kwa simu, nikaihamisha kwa flashi. Ikadai faili jingine, na hilo likadai jingine, kama mgeni anayeanza kwa kuomba maji na kuishia kuuliza usiku mnapika nini.

Jana yake, kwenye jukwaa la watumiaji wa mfumo huo, mtu alinijibu kwa upole kwamba draiva ya kadi yangu haijawahi kuandikwa. Nitafute adapta ya waifai ya kuchomeka pembeni, yenye chipu ya zamani. Za zamani, alisema, mfumo wetu unazipenda.

Nikaitia laptopu kwenye kikapu cha sokoni, nikashuka.

Adapta zilijaa madukani, lakini boksi halisemi ndani mna chipu gani. "Ukifungua umenunua, sista," aliniambia muuzaji wa kwanza. Wa pili hata hakuinua macho. Kwenye duka la tatu, la vifaa vya umeme, mama mmoja mbele yangu alikuwa ananunua globu. Muuzaji akaichomeka kwenye soketi ya mezani, ikawaka, akamkabidhi. Tangu utoto wangu hakuna mtu hapa aliyeondoka na globu ambayo hajaiona ikiwaka.

"Kaka, adapta za waifai unazo?"

"Zimejaa."

"Basi nijaribishie kama globu."

"Kwenye nini?"

Nikatoa laptopu kikapuni. Akacheka mpaka akashika kaunta. "Bongo hii! Haya, weka."

Ya kwanza, kimya. Ya pili, fupi na ya kisasa, kimya vilevile. Nyuma yangu foleni ikaanza kukohoa.

"Jamani, mimi nataka soketi tu," alisema mama mwingine kwenye foleni. "Sikujua hapa ni wodini."

"Subiri, mama, mgonjwa bado anapumua," alimjibu muuzaji.

Nikamwuliza muuzaji kama ana ya zamani. Alinitazama kama nimeomba mkate wa juzi, kisha akainama chini ya kaunta, akaibuka na boksi lililopauka. Ndani mlikuwa na kitu kinene chenye antena kama pembe. "Hii kila mtu ameikataa."

Nikaichomeka. Kitaa cha kijani kikapepesa, na kwenye kioo yakaanza kushuka majina ya waifai za maduka jirani, moja baada ya jingine, kama mtaa mzima unaniamkia.

"Imewaka!" alipiga kelele mama wa soketi, akifurahi kuliko mimi.

Nilipofika nyumbani adhana ya adhuhuri ilishapita. Mnunuzi wa vyuma alikuwa amekaa sebuleni, mzani miguuni, anamalizia juisi yetu ya ukwaju.

"Mamdogo, nipe dakika moja."

"Mwambie mwenye mzani."

Lakini mama mdogo alinirushia mtandao wa simu yake. Kitaa kikapepesa. Nikafungua video ya ushonaji. Mikono ya fundi wa humo ikajaa kioo kizima, sindano ikageuka taratibu kwenye kona ya kola. Mama mdogo akavaa miwani, akavuta kiti changu, akakikalia.

"Kumbe anapunguza pembeni kwanza, ndiyo ageuze! Mimi miaka yote nasukuma tu."

Mnunuzi naye akasogea. "Ndiyo maana kola yangu imevimba."

"Shati hilo sijashona mimi," alisema bila kugeuka.

"Sasa mama, mimi nitoke mikono mitupu?"

"Chukua ile feni."

"Mamdogo, feni inazunguka!" nikasema.

"Inazunguka, haipepei. Na wewe riwaya utaandika jioni, sasa hivi nipo kwenye kola."

Mnunuzi akatoka na feni begani, shingo bado imegeukia kioo, nami nikafunga mlango nyuma yake.