Glas, Neno Lililokaribia Kunifukuzisha Kazi

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha rangi nilitembea kutoka Majengo hadi Industrial Area, viatu vizuri nikiwa nimevishika mkononi. Msimamizi wa zamu alinitazama akasema, "Humu hatukisii, Halima. Tunapima." Kazi yangu ilikuwa kupatanisha rangi, yaani kuongeza unga wa rangi kidogo kidogo kwenye pipa mpaka ilingane na kadi ya sampuli.

Mkemia Mkuu alikuwa mzee wa Ayalandi. Kiswahili alikijua, ila daftari lake aliliandika kwa lugha ya kwao. Nilipomwuliza neno glas lina maana gani, alinionyesha nyasi nje ya dirisha. Nikashika hivyo: glas ni kijani.

Mwezi uliofuata ikaja oda ya milango ya shule moja mtaani Fedha. Mkemia hakuwepo, kadi ya sampuli ilikuwa imepotea, na kwenye daftari palikuwa na neno moja tu, glas. Sikuuliza mtu. Nilichanganya pipa zima. Mteja alipofungua mkebe alishangaa. "Mama, mbona kijani? Mimi niliagiza kijivu."

"Vua aproni uende," Msimamizi akaniambia.

Nilikuwa mjane mwenye watoto wawili. Nikaanza kufungua fundo la aproni.

Mkemia aliingia wakati huo, akasoma daftari, akavua miwani. "Mwacheni. Kosa ni langu. Nimeandika neno la kwetu kwenye kazi ya watu wote."

Tulichanganya kijivu pamoja siku hiyohiyo, na huku tukikoroga akanieleza. Kwao glas ni rangi ya jani, na pia ni kijivu, rangi ya manyoya ya kondoo na ya bahari chini ya mawingu. Wataalamu wanalifuatilia hadi kwenye mzizi wa kale wenye maana ya kung'aa, mzizi uliowapa Waingereza majina yao ya njano na dhahabu. "Ni ukoo mmoja," alisema, "ila kila binti ameolewa mbali. Kijivu chenu je?"

"Kimetoka kwenye jivu. Kijani, kwenye jani."

Alicheka. "Mna bahati. Rangi zenu bado zinaishi na mama zao."

Tangu hapo daftari liliandikwa Kiswahili, na mwishowe likawa langu, nilipofanywa mkuu wa chumba cha kuchanganyia. Nimestaafu sasa. Watoto wangu walisomeshwa na kazi ile. Vijana, ulizeni, aibu ya kuuliza ni ya dakika moja. Mkemia alirudi kwao kabla sijamshukuru inavyostahili. Namwombea kwa Kiswahili, na najua angenielewa.